Bibi Insaf na Mdomo Wangu

Mdomo wangu nusura ulifunge duka la shemeji yangu Lamloum, na Bibi Insaf, mhasibu mwenye leseni, ndiye aliyeliokoa. Nasema wazi, maana hapa Tanta, kwetu Misri, hakuna asiyejua.

Wiki ya Maulidi, duka la halua limefurika watu, akaingia mkaguzi wa kodi. Akauliza kama biashara huwa hivi. Mimi, mbele ya wateja, nikapaza sauti: "Kila siku ya Mungu!" Akaandika. Kodi iliyokuja, wallahi, ingemfanya Lamloum auze hata masufuria.

"Niachie mimi, shemeji," nikamwambia. "Nina watu kule ofisi ya kodi." Siku ishirini na saba nikanywa chai na makarani, leseni sina, hati ya uwakala sina. Na rufaa mwisho wake siku thelathini! Lamloum alipojua hakunitukana. Alikaa juu ya gunia la sukari akalia. Afadhali angenipiga.

Dada yangu, mkewe Lamloum, ndiye aliyetupeleka kwa Bibi Insaf, kwenye ofisi yake ndogo juu ya duka la viatu. Leseni ilitundikwa ukutani.

"Mama, unamjua nani mle ndani?" nikamuuliza.

"Simjui mtu. Naijua sheria."

"Basi tumekwisha!"

"Wewe ndiye uliyemmalizia siku mwenzio. Nyamaza." Akamgeukia Lamloum. "Nipe uwakala leo. Na usinifiche kitu, baba. Nikishtukizwa kule, tumeanguka wote."

Kesho yake rufaa ilikuwa imegongwa muhuri. Ndipo akadai risiti za sukari za mwaka mzima, akazisoma moja moja. Nje ya Maulidi tulinunua kidogo tu. Halafu akaifikia ripoti ya mkaguzi.

"'Kila siku ya Mungu.' Nani kasema haya?"

Nikainua kidole kama mwanafunzi.

"Utakuja kuyafuta mwenyewe, mbele ya kamati ya rufaa."

Mwenyekiti aliponihoji, mama yule hakunisaidia hata kwa jicho. "Nilikuwa najigamba tu," nikasema. "Hata duka si langu. Siku nyingine tunashinda tukipiga miayo."

Wakacheka mpaka basi. Kodi ikapimwa upya kwa zile risiti, na duka likabaki.

Maulidi iliyofuata Bibi Insaf alikuja kununua mwanasesere wa sukari. Lamloum akakataa pesa. Yeye akalipa, akadai risiti, kisha akanitazama katikati ya ule umati.

"Biashara vipi?"

"Leo nzuri, mama," nikajibu polepole. "Kesho sijui."