Nilichomelea fremu ya gari kama geti, halafu nikamkalisha mama yangu ndani

Wakuu, niaje.

Hii stori sikuambiwa na mtu. Ni yangu, ya mikono yangu hii, na mkipata nimeongeza chumvi hata kidogo, mods wafunge uzi.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa mageti hapa Kitale. Ukipita kwa nyumba mpya uone geti nyeusi yenye maua ya dhahabu, na hujui chuma moja imeunganishwa wapi na ingine, hiyo ni yangu. Geti za wengine weldi inakaa kama mavi ya kuku. Yangu unapitisha kiganja na husikii kitu.

Siri yenyewe ni ya kijinga. Nachomelea, napiga grinda mpaka weldi inalala chini, napaka filla ya kuziba mashimo, napiga rangi. Mteja anafurahi. Geti haiendi popote.

Sasa, mama yangu anakaa Saboti peke yake tangu mzee atuache. Nyonga yake imeharibika. Kupanda matatu lazima makanga amsukume kwa makalio, na huyo ni mama wa kanisa, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Akakataa hiyo aibu. Akaacha soko, halafu akaacha hata kanisa, akawa mtu wa kukaa kwa boma na ng'ombe yake moja, akiangalia barabara.

Nikaapa nitamtengenezea kagari ka chini, ka kuingia vile mtu anakaa kwa kiti.

Najua mtauliza, si ungetafuta tu gari kuukuu? Ningetafuta. Lakini mtu akinunua gari nani anamsifu? Nilitaka watu waseme nimetengeneza. Ndiyo huo ukweli, cheka ukitaka.

Nikaanza. Square tube nene, vipimo sawa, kona zote nimeshikisha. Halafu nikafanya vile nafanyanga kwa geti: nikachomelea upande wa kulia wote mara moja, kutoka mbele mpaka nyuma, nikaenda chai.

Kurudi, kona moja ya fremu imeinuka kutoka kwa sakafu, vidole vitatu vinaingia chini yake.

Mtu mwenye akili angekata aanze upya, achomelee kidogo huku, kidogo kule, moto usivute upande mmoja. Mimi nilifanya nini? Nikaita wanaume wawili wanene wanauza mbao hapo jirani, wakasimama juu ya hiyo kona, ikashuka. Wakiwa wamesimama hapo nikachomelea vyuma vya katikati. Wakashuka, fremu ikabaki chini. Nikajipigia makofi. Kumbe hiyo chuma imefungwa kwa nguvu na inangoja tu siku ya kuachiliwa.

Nikapiga picha nikatuma kwa group ya WhatsApp. "Engineer!" "Kitale tuko mbele!" Hao wote hakuna mmoja amewahi kushika rodi ya kuchomelea. Na mimi, kichwa maji, nikaamini.

Injini nilitoa Bungoma kwa fundi mmoja anaitwa Wafula, mtu wa trela za trekta. Akakuja nayo mwenyewe kuifunga. Kabla hajashika spana akazunguka fremu mara mbili, akapitisha kiganja kwa maungio. Nikangoja anisifu.

"Weldi iko wapi?" akauliza.

"Nimeilaza na grinda."

"Bana, umetoa nyama ukaacha ngozi. Hii itabeba mtu ama itafungia ng'ombe? Chomerea tena. Na ukimaliza uache hivyo, usiguse."

Wakuu, nilimcheka. Nilimcheka hata vile anasema "chomerea". Ati huyu, trela zake zimejaa matuta ya weldi kama mtu ameugua tetekuwanga, ndiye anafundisha mimi. Nikamwambia afunge injini aende kwao.

Akafunga. Wakati wa kuondoka akaniambia kitu kimoja, bila hasira: "Usibebe mtu kwanza. Beba mawe."

Sikubeba mawe. Nani atapiga picha ya mawe?

Nikafunga tairi, usukani na viti, nikapaka filla na rangi, na Jumapili nikafika Saboti na gari nyekundu inang'aa. Mama alitoka na kitambaa chake cheupe, akaangalia, akaweka mkono kwa mdomo. Mimi ni kijana wake wa pili, nimeitwa jina la babake, kwa hivyo yeye huniita baba. "Baba, hii umenitengenezea mimi?" Akaingia peke yake bila kusukumwa, akakaa, akapanga marinda yake vizuri. Hiyo dakika siwezi kuidharau, hata leo.

Kutoka kwa boma mpaka kanisani si mbali. Nilikuwa naenda polepole, mama akipungia watu mkono. Tukafika mahali maji ya mvua yamekata barabara. Tairi la mbele likaingia, likatoka, na nikasikia mlio chini ya kiti.

Ungio la nyuma ya kiti cha mama lilifunguka lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Fremu ikajikunja vile ilikuwa inataka tangu siku ya wale wauza mbao. Mama akamwagika upande wake, mkono ukiwa chini.

Mkono ulivunjika mahali pawili. Nilisikia.

Hapo kwa ungio niliona kila kitu. Filla nyeupe, rangi nyekundu, na chuma iliyoshikana imebaki nyembamba kama karatasi. Nimekuwa fundi miaka yote hiyo nikiuza rangi.

Hospitali walimweka plasta. Daktari alipouliza, kabla sijafungua mdomo mama akajibu: "Ni ng'ombe. Nilikuwa nakamua, ikanipiga teke."

Nikamwangalia. Hakuniangalia.

Gari nilikuwa nimeshaivuta mpaka nyuma ya stoo ya mama, nikafunika na turubai. Wale tuliowapungia walituona tukipita tu; ikivunjika hakuna mtu aliona, wengi walikuwa wameshaingia kanisani. Wageni wakaanza kuja na sukari na unga, kila mmoja anapewa stori ile ile ya ng'ombe. Mimi niko hapo kwa kiti, nakunywa chai, naitikia kwa kichwa. Fundi mzima!

Halafu jirani mmoja mzee akasema ng'ombe ikishazoea teke haiachi, next time ni kifua. Wamama wote wakakubali. Wakamkalia mama siku tatu aiuze. Ng'ombe yenyewe ni pole, hata mtoto anaikamua. Lakini angesema nini? Akisema ng'ombe ni nzuri, watauliza mkono ulivunjwa na nani.

Mama akaiuza kwa mchinjaji. Yeye akabaki ndani, na mimi ndiye nilishika kamba mpaka kwa pickup.

Somo la chuma ni rahisi: chomelea pande zote kwa zamu, fremu ikipinda kata, weldi ya kubeba mtu usiilaze, na ubebe mawe kwanza. Hilo Wafula alinipa bure na nikamcheka. Nilimpigia simu wiki jana nikamwambia. Aliuliza tu mama anaendeleaje.

Lile somo lingine, la mama na ng'ombe, sina maneno yake. Nimeambia Wafula, nimeambia nyinyi watu siwajui, na majirani wa mama yangu bado wanamwambia pole ya ng'ombe.

Tukaneni tu, nasoma zote. Na kama uko Saboti na unamjua mama ana plasta mkono wa kushoto, mfikie kabla yangu umwambie kijana wake amesema ni yeye alivunja mkono, si ng'ombe. Mimi nimeenda mara mbili kumwambia, na mara zote mbili amenipa chai ya rangi, akaniambia, "Baba, kunywa, maziwa hatuna."