Siku Nilipoipeleka Apoth Kongo

Mama aliyetupatia majina ya mboga alitoka Bondo asubuhi, amevaa gauni la kanisani, aje ayaone majina yake ukutani. Kwa miezi kadhaa alikuwa amenifundisha mboga za kienyeji jani kwa jani, nami nikaziingiza kwenye hifadhidata ya mradi wetu mdogo, ofisini kwetu Milimani, kila moja kwa Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza.

Mkubwa wangu wa kazi akawasha projekta. "Mama, chagua mboga yoyote."

"Apoth," akasema. Ndiyo mrenda, ile inayoteleza.

Nikaandika swali. Jibu: sifuri.

"Inasema nini?"

"Inasema haiko, Mama."

"Haiko? Apoth iko kwangu nyuma ya jikoni, inamea hata bila kupandwa!"

Nikakumbuka kwamba kila jina nililibandika alama ya lugha, yaani herufi chache za kuitambulisha lugha yake, na kwa mashine ile neno lenye alama na neno lisilo na alama ni vitu viwili, hata herufi ziwe zile zile. Nikaongeza alama ya Kijaluo: luo. Sifuri tena. Mkubwa akakohoa. Mama akatoa miwani mkobani, labda akidhani kosa ni la macho yake.

Mwishowe nikaiambia mashine ipuuze alama, itazame herufi tu. Apoth ikatokea, na pembeni yake alama niliyoiweka kwa mkono wangu mwenyewe: lu.

"Hiyo lu ni lugha gani?" mkubwa akauliza.

Nikaitafuta kwenye simu chini ya meza. "Kiluba," nikasema. "Kinazungumzwa Kongo."

Mama akaivua miwani.

"Nyathina," Mama akaniita, yaani mwanangu, kwa upole ulionitia hofu. "Umenipeleka Kongo na hata nguo sijapanga?"

Mkubwa alicheka mpaka akaizima projekta kwa kiwiko.

Kusahihisha majina yote kulihitaji amri moja tu. Mama hakuiamini amri moja. Alivuta kiti karibu yangu akataka kuona kila jina likirudi nyumbani. Tulipofika kwenye dek, ile mboga chungu, akanishika mkono: dada yake aliyeolewa mbali huiita akeyo, niandike yote mawili, maana huko wakikasirika simu itapigwa kwake. Nikaandika. Saa nane ilitukuta bado tuko kwenye mchicha, na mkubwa alikuwa ameshakimaliza chakula tulichomwandalia Mama.