Jogoo wa Mama, Mbuzi wa Jirani

Binti yetu alizaliwa wakati watu walipokuwa wameshachoka kutuuliza tunangoja nini. Siku uchungu uliponishika, mume wangu alikuwa Habaswein kikazi. Aliyenipeleka hospitali hapa Garissa ni jirani yangu, mama wa Kisomali anayeuza nguo sokoni. Alinipakia kwenye tuktuk, akanishika kiuno, na kila tulipoingia shimoni akamfokea dereva kana kwamba ndiye aliyelichimba.

Mtoto alipopata nguvu, mamangu akaja kutoka Kitui ili tumtolee Mungu shukrani kanisani. Alishuka basi na jogoo mwekundu kwapani.

"Huyu ni wa Bwana tangu uliponiambia una mimba," akasema. "Wageni wamekuja nikawapikia maharagwe, huyu nikamwacha."

Alfajiri jogoo akawika sambamba na adhana. Kulipokucha, jirani akachungulia juu ya ua.

"Mwalimu, hii ndege yako naamka kusali kushinda bwana yangu!"

Nikamweleza kwamba ni sadaka ya shukrani kwa ajili ya mtoto. Akamtazama jogoo, kisha akanitazama mimi.

"Mungu amekuba mtoto, na wewe nabelekea yeye ndege?"

Kwa watu waliolelewa na ngamia, kuku si mfugo, ni ndege mvivu wa kuruka. Mamangu alikuwa kibarazani akichambua mchele, na masikio yake hayajazeeka.

"Mwambie Mungu haangalii ukubwa!"

"Hata kama haangalii," jirani akasema, "mimi nilikuwa kwa tuktuk. Mimi naona aibu."

Jioni akarudi akiburuta mbuzi mweupe mwenye kichwa cheusi, akamfunga mlangoni petu na kwenda zake bila kungoja asante. Mamangu alimzunguka yule mbuzi akimkagua. Mwishowe akatoa masharti: mbuzi aje, lakini atembee nyuma ya jogoo.

Jumapili tukaenda mbele ya kanisa kwa mpangilio huo. Nilikuwa nimeandaa ushuhuda mzuri, nimeukariri wiki nzima nikinyonyesha. Mchungaji akafumba macho, akaanza kuombea sadaka. Hapo ndipo kitambaa kilichomfunga jogoo miguu kikafunguka. Jogoo akaruka, akapita juu ya kichwa cha mzee wa kanisa, akatua kwenye kinanda kilichokuwa kimewashwa. Kinanda kikalia. Kwaya, waliokuwa wamefumba macho kwa unyenyekevu, wakadhani wameitwa. Wakasimama na kuanza kuimba. Mchungaji akapandisha sauti ili awashinde, kwaya nao wakapandisha, na mbuzi akaingilia kati kwa sauti yake.

Nilicheka hadi mtoto akatikisika mgongoni. Halafu, sijui lini, kicheko kikageuka machozi, nikakumbuka miaka yote niliyokaa kiti cha nyuma nikiwapigia makofi akina mama wengine. Ushuhuda wote ukanitoka kichwani. Nilipopewa kipaza sauti nilisema tu, "Asante Bwana," nikarudi kukaa.

Wazee wakaamua sadaka zile ziliwe na wote siku hiyohiyo. Mamangu akasimama. "Na aliyetoa mbuzi atakula nini, ikiwa tutamchinja sisi?" Ikabidi mume wa jirani aitwe, akachinja wote wawili kwa bismillahi, na alasiri tukaketi pamoja kwenye mikeka uani kwetu.

Mamangu akaombwa kushukuru kwa chakula. Alianza na bibi yake marehemu, akaja polepole, kizazi baada ya kizazi. Pilau ikaanza kupoa. Alipofika kwenye mahari yake, jirani akasema kwa nguvu, "Aamiin!"

Mamangu akafurahi sana kuitikiwa. Akashika mkono wa jirani na kuanza kumshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa tuktuk, kwa dereva, kwa soko la nguo. Jirani akainamisha kichwa, mkono wake wa pili ukiwa tayari kwenye sinia.

"Aamiin," akasema tena, safari hii taratibu, akameza mnofu.