Yule wa Kwenye Pazia

Mtaani walimwita Mizani, na si kwa sababu ya bucha yake tu. Jamaa alipima kila kitu. Ukimsalimia kwa furaha alijiuliza umeiba nini. Ukimsalimia kwa unyonge alijiuliza umeficha nini. Mteja akiisifu nyama yake, anaigeuza na kuinusa upya. Jitu lenye mabega ya kuziba mlango, kichwa cha ng'ombe anakipasua kwa shoka huku anapiga mluzi, lakini kwa kinyonga hoi.

Ndiyo, kinyonga. Mtu akiogopa nyoka tunamwelewa. Huyu alimwogopa mnyama anayetembea kama anayeomba ruhusa kila hatua. Kuna siku alimwona mmoja kwenye ukuta wa bucha, akachomoka mbio akamwacha mteja na nyama iliyokatwa nusu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashonea kwenye chumba cha uani chenye dirisha linalotazama mapipa ya taka. Nzi wa mapipa, pamoja na wale waliomsindikiza mume kutoka bucha, walikuwa na kikao cha kudumu juu ya vitambaa vyeupe vya wateja, wakiondoka wameacha vidoa vyeusi. Walipolichafua gauni la bibi harusi, fundi wa watu alilia. Siku chache baadaye kinyonga aliingia kutoka kwenye michongoma, akapanda pazia, akaweka makazi, na nzi wakaanza kupungua. Mke akafunga mdomo. Mumewe angejua, mnyama wa watu angepigwa fagio siku hiyo hiyo. Alimwambia mdogo wake tu.

Sasa, lugha yetu hii ina uchokozi wake. Mimi shule niliiacha njiani, lakini kwa hili hata mwalimu hanibishii: mtu anakula, kinyonga naye anakula. Mtu amelala, kinyonga naye amelala. Ukiwa nyuma ya mlango huwezi kujua anayesemwa ana miguu mingapi.

Na mchana mmoja Mizani alikuwa nyuma ya mlango. Alirudi kuchukua jiwe la kunolea visu, akasikia mkewe na mdogo wake wanacheka chini kwa chini.

"Dada, bado umemweka tu?"

"Nimpeleke wapi? Kashanizoea."

"Na shemeji akimkuta je?"

"Shemeji yako huku haingii. Akisikia cherehani, anaenda zake kulala."

"Kutwa nzima uko naye peke yako, huogopi?"

"Mwanzo niliogopa. Jicho moja kwangu, jingine mlangoni. Ana hadhari huyo. Lakini ana mikono, mdogo wangu. Akishika, kashika."

"Na ulimi?"

"Ulimi usiseme. Mrefu kumshinda mwenyewe."

Mizani alirudi bucha bila jiwe. Mteja akaomba mbavu, akakatiwa maini. Kichwani alikuwa anapanga vipande. Jicho huku, jicho kule. Ulimi mrefu. Mikono isiyoachia. Hapo hapo akaingia kinyozi wa jirani, mwenye makengeza na maneno mengi kama redio ya jirani.

"Mizani, leo nipe laini laini."

"Laini ya nini?"

"Ya kula, kaka. Kwani kuna nyingine?"

"Mchana huwa unashinda wapi wewe?"

"Si hapo kwangu, nanyoa."

"Jicho lako lile jingine linatazama nini?"

"Bei zako," kinyozi akasema, akacheka peke yake.

Mizani hakucheka. Alishaamua: akimkuta mtu, mke anarudi kwao jioni hiyo hiyo, watoto watabaki na shangazi yao. Akavua aproni. Shoka akaliacha kwenye gogo, alijiogopa mwenyewe. Akaenda nyumbani, viatu mkononi, akausukuma mlango wa uani.

"Yuko wapi?"

Mkewe akasimama, mgongo kwenye pazia. "Nani?"

"Unayeshinda naye humu."

"Nani kakwambia?"

Hebu fikiria, swali gani hilo la kumuuliza mume. Mizani akavidondosha viatu. "Tangu lini?"

"Tangu lile gauni la harusi. Baba Watoto, nakuomba usimuue. Hajakukosea."

"Ndani ya nyumba yangu, hajanikosea?"

"Alikuja mwenyewe, dirishani."

"Fungua pazia hilo."

Mke akalivuta taratibu. Na yule mpasua vichwa vya ng'ombe akajikuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, kaushikilia ukuta.

Mkewe alianza kucheka. Kisha kicheko kikamkauka.

"Subiri kwanza. Wewe ulidhani nani?"

Mizani akageukia ukutani.

"Nakuuliza, ulidhani nani?"

"Kinyozi."

"Yule wa makengeza?"

"Mama Watoto, nilisikia ulimi, nikasikia mikono..."

"Ukanihukumu kwa maneno ya nyuma ya mlango. Haya, shuka. Nyoosha mkono."

"Chochote kile, ila si hicho."

"Basi naenda kwa mama, na huyu naondoka naye."

Mizani alimwangalia usoni kutafuta utani. Hakuuona. Akashuka, akanyoosha mkono, akafumba macho.

Kinyonga alipanda huku anayumbayumba, vidole viwili upande huu, vitatu upande ule, kaubana mkono kama koleo. Mizani alipothubutu kutazama, ule ukijani ulikuwa unazimika. Mistari ya kahawia ikatokea, kisha mwili wote ukawa mweusi kama mkaa.

"Mbona anabadilika? Mkono wangu si mweusi hivyo."

"Si habari ya rangi ya mkono. Hufanya hivyo akiwa na wasiwasi. Hakuamini wewe."

"Mimi? Nimemfanya nini?"

"Na mimi nilikufanya nini?" Mke akakaa, akampa mgongo, akakanyaga cherehani. "Simama hapo hapo. Akirudi kijani, tutaongea."

Basi akasimama. Mkono unaobeba paja la ng'ombe ulielemewa na kitu chepesi kuliko kipande cha mafuta. Alivuta pumzi, akajaribu kuweka sura ya mtu wa kuaminika, kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani. Akalegeza mashavu. Akatabasamu.

Kinyonga akazidi kuwa mweusi.