Nyuki Walioigusa Koili Kabla Yangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na hili mama yako asilisikie: ile siku nyuki wa Itigi walipokuja kusikiliza amplifaya yangu. Ukisikia watu hapa mjini wananiita Fundi Asali, usidhani wananisifia. Jina nililipata jumapili ile, kabla hata jua halijageuka.

Kwanza nikuambie elimu yangu, usije ukadhani unamsikiliza mtu wa chuo. Niliishia kidato cha pili. Fizikia niliisoma mpaka mwisho wa sura ya umeme. Sura ya sumaku ilipoanza mimi nilishatoroka, niko sokoni nauza betri za tochi. Na koili, ule waya wa kuzungushia duara, mwanangu, ni mambo ya sumaku matupu. Mtu haachi shule yote. Anaacha sura moja, na hiyo hiyo ndiyo inayomfuata mpaka uzeeni.

Yaliyobaki alinifundisha Mzee Mkumbo. Alikuwa fundi wa simu za reli, akastaafu, akawa anatengeneza redio kibarazani kwake karibu na stesheni. Mnyaturu wa Ikungi, mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na ushee, umri ambao wenzangu walikuwa wanapunguza ujinga. Mimi nilikuwa bado naongeza.

Mzee alikuwa na kaseti moja. Zamani mkewe, Mama Eliya, alikuwa anapeta mtama uani huku anaimba, na mzee akajificha nyuma ya ukuta na redio kaseti, akamrekodi kwa siri. Mwishoni mama anaigundua ile redio, anacheka. Ndiyo kaseti yenyewe hiyo: ungo unapigapiga, jogoo anaingilia, mama anaimba kwa mbali, halafu kicheko. Mama Eliya alishafariki. Na masikio ya mzee nayo yakawa yanafariki taratibu. Redio ndogo hakuisikia tena.

Sasa binti yake wa Tabora akasema baba aende akaishi kwake. Safari ikapangwa ya jumanne, kwa treni, na kurudi hakuna. Mzee akaniambia, "Kijana, nataka nimsikie hapa hapa, kwenye uwanja aliopetea. Mara moja, mpaka acheke. Halafu nitaondoka."

Nikamwambia, "Mzee, umefika." Hivyo ndivyo wajinga tunavyosema ndiyo.

Nikaamua kumuundia amplifaya ya klasi D. Unazijua. Zile za zamani zinabeba umeme muda wote kama mtu mwenye gunia kichwani, lazima zitoe jasho. Hii inafunga na kufungua, inafunga na kufungua, kasi ambayo hata nzi hapigi bawa, kwa hiyo haichoki. Mwishoni kuna koili inayochuja ile kelele ya kufunga na kufungua, ibaki sauti tupu, kama kitambaa cha kuchujia asali. Koili mbaya, basi unakula na nta.

Duara la koili nikalichomoa kwenye pawa saplai ya kompyuta mbovu, lile la njano na nyeupe. Lilikuwa zuri kwa macho. Kumbe kwa klasi D lile linachemka kama uji, lakini hayo yalikuwa kwenye sura ya sumaku. Nikazungusha waya. Waya ukawa unalia, unatetemeka, unataka kukazwa na kitu. Vanishi sikuwa nayo. Nilikuwa na nta ya nyuki, mjomba kaniletea kutoka Rungwa, bado ina asali asali ndani. Nikaiyeyusha, nikaimwagia. Waya ukanyamaza. Nikajiona profesa.

Jumamosi nikaiwasha dakika mbili, ikaimba, nikazima. Mzee akapita na fimbo yake.

"Umeiacha iwake nusu saa?"

"Ndiyo, mzee."

"Koili umeigusa?"

"Nimeigusa, mzee. Baridi kabisa."

Akanitazama. Akasema, "Haya," akaenda zake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa nusu saa tu, na niliipima siku ya pili yake.

Jumapili watu walipotoka kanisani nikawaita uwanjani kwa mzee. Mzee alitaka wimbo, mimi nikafanya mkutano. Nikaweka amplifaya juu ya meza bila mfuniko, ili watu waone kazi ya mikono. Mzee akaketi kwenye kigoda, sikio limegusa spika, ile spika yake kubwa ya tangu enzi za reli. Nikashika maiki. Nikaeleza klasi D. Nikamshukuru mjomba. Nikamshukuru mwalimu wangu wa fizikia, ambaye nilimkimbia. Nilihutubia karibu nusu saa, mwanangu, na muda wote ule koili inaiva mezani.

"Fundi," akasema Mama Neema, jirani wa mzee, "huyo marehemu ataimba lini, au na yeye anakusikiliza wewe?"

Watu wakacheka. Nikabonyeza kaseti.

Sauti ikatoka. Sijawahi tena kuunda kitu kikatoa sauti vile. Ungo ukasikika mpaka pumba zinavyoruka. Jogoo akawika, majogoo wa jirani wakamjibu. Halafu Mama Eliya akaanza, Kinyaturu, taratibu, kama mtu asiyejua kuna anayemsikiliza. Mzee akafumba macho. Mkono wake ukawa unafuata ule ungo, huku na huku.

Nyuki wa kwanza nilimpuuza. Wa kumi nikamfukuza na kofia. Ile nta ilishayeyuka, inachuruzika kwenye bodi ya vipuri, harufu ya asali imejaa uwanja mzima. Mwaka ule mvua zilikata mapema, maua hakuna, nyuki wana njaa. Wakaja kama walioalikwa.

"Fundi, na hawa uliwapelekea kadi?" Mama Neema alisema hayo huku ameshashika khanga, anakimbia. Watu wakatawanyika, viti vikalala chali, na mimi mwenye shughuli niliwapita wote getini.

Mzee hakuinuka. Nyuki walimtambalia kwenye mkono wa shati, yeye sikio kwenye spika. Nikiwa nje ya ua niliusikia wimbo unafika mwisho, nikasikia ungo unawekwa chini. Pale ndipo mama anageuka, anaiona redio. Ndipo anapocheka.

Waya uliolegea ukagusana. Transista zikapasuka, pa, pa. Umeme ukaingia mzima mzima kwenye spika, ikanguruma mara moja, ikatoa moshi. Kimya.

Nilirudi nyuki walipopungua, uso umevimba kama andazi. Mzee bado ameketi pale pale. Nikapiga magoti nikasema nisamehe. Akapangusa nyuki wa mwisho kwenye mkono wa shati. Halafu akasema kwa upole ambao ningependa ungekuwa kibao, "Kijana, hata nyuki wameigusa koili kabla yako."

Vipuri vilikuwa vinatoka Dar, wiki mbili au tatu. Treni ilikuwa jumanne.

Stesheni nilimbebea mzigo. Nikasema shikamoo ya kuaga, akaitikia. Akatoa kaseti mfukoni mwa koti, akaniwekea mkononi. "Kaa nayo. Siku koili ikipoa, nipigie simu."

Mwanangu, ilipoa. Nilitafuta duara lingine, lile jekundu, nikazungusha upya mara saba, nikaiwasha nusu saa, saa, saa mbili, naigusa kama mtoto mwenye homa. Vipuri vilichelewa, mwezi ukapita na zaidi. Nikampigia. Simu aliishika binti yake, maana masikio ya mzee yalishafunga huko, labda umpigie kelele sikioni. Nikaweka simu mbele ya spika nyingine, nikapiga kaseti yote, mpaka kicheko.

Binti akasogeza mdomo kwenye simu, akaniambia, "Hasikii, kaka. Ila ameishikilia simu, hataki kunipa." Baadaye nikamsikia mzee mwenyewe, sauti ya juu ya mtu asiyejisikia: "Amecheka?"

Nikapiga kelele, "Amecheka, mzee!" Binti akamrudia kwa kelele sikioni, na kila jibu langu lililofuata.

"Na koili, inachoma?"

"Haichomi, mzee."

"Umeigusa, au unaniambia tu?"

"Mkono wangu uko juu yake sasa hivi."

Akasema, "Basi imeiva."

Alifariki masika yaliyofuata, kabla sijapanda treni kwenda kumwona. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshamaliza shule na bado anakaa nyumbani kwangu. Kaseti ninayo. Jumapili nyingine naipiga, uwanja ule ule, na mkono wangu unaanza kupeta wenyewe. Nasubiri kicheko. Kikifika nageuka kumtazama mtu kwenye kigoda.

Sasa nisikilize, maana nyinyi bodi mnanunua zimeshaundwa, na kitu cha kwanza ni kufungulia sauti mpaka mabati yatetemeke. Anza na balbu ya wati mia kwenye njia ya umeme; ikiwaka kali, zima, kuna ugonjwa. Pima pale sauti inapotokea kwenye bodi kabla hujaifunga spika. Iache iwake, kaa nayo, gusa. Ukiulizwa kama umegusa na hujagusa, sema sijagusa. Aibu ya neno hilo inaisha kabla chai haijapoa. Ya uongo mimi ninayo mpaka leo. Na mzee akikuomba wimbo mmoja, mpe wimbo, mwanangu. Usimpe hotuba.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa na vidole visivyoogopa kugusa. Uwapendao wakungoje mpaka wimbo uishe. Na siku yako ukicheka, pawepo na mtu karibu wa kukusikia.