Vipande Viwili vya Mlango

Ninamshukuru Mungu aliyeniamsha leo tena, akaniachia mikono miwili, hata kama mmoja unanung'unika kuliko mwenzake. Sifa zote ni zake kabla sijasema yangu.

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyefungua mlango mkubwa wa kanisa letu, hapa Kalemie. Una vipande viwili vya mbao nzito. Nilisimama katikati, nikashika vipini vyote viwili, nikavuta kwa pamoja, na mwanga wa ziwa ukaingia mpaka altareni. Mwaka jana bega la kulia lilishindwa. Nikawa nafungua kipande kimoja, kisha kingine, kama mtu anayechungulia. Kamati ya parokia ikaniletea kiti.

"Papa, kaa sasa. Siku ya Pasaka atafungua mtu mwingine."

Niliwashukuru kwa kiti. Sikukikalia.

Daktari wa viungo alinionyesha zoezi la misuli ya nyuma ya bega: kuinama mgongo ukiwa umenyooka, altere moja, kile chuma cha mazoezi, kila mkono, kuinua mikono pembeni polepole, na kushusha polepole zaidi. Altere zangu zilikuwa vyuma viwili vifupi, kila ncha ina kopo lililojazwa simenti. Kwa kiburi nilianza na makopo makubwa ya maziwa. Shingo ikakakamaa siku tatu. Nikamwomba Mungu msamaha, nikachukua makopo madogo ya nyanya.

Nilifanya kila asubuhi uani. Sikuhesabu kwa namba. Nilipandisha kwa "Salamu Maria", nikashusha kwa "Maria Mtakatifu".

Jirani akauliza juu ya ukuta, "Papa, umepoteza nini pale chini?"

"Bega langu njo ninalitafuta."

Mke wangu, akichambua dagaa, akacheka. "Mwache. Anataka kuruka mpaka Kigoma."

"Nikifika, Mama, nitakuletea kitenge."

Asubuhi ya Pasaka nilitangulia. Yule aliyechaguliwa na kamati afungue badala yangu alinikuta nimeshika vipini.

"Papa, nikusaidie."

"Nisaidie kwa kusali."

Nikavuta. Bega liliuma, sikatai, lakini vipande vyote viwili vilikuja pamoja. Upepo wa ziwa ukataka kurudisha kimoja. Nikakivuta kile kiti cha kamati, nikazuia kipande hicho nacho. Mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake.

Nawe unayesoma, Mungu akutie nguvu katika kiungo kile ambacho watu wamekwisha kukizika. Amina.