Bunduki Tupu

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba sikumwonea wivu mdogo wangu. Uongo mtupu. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakinishuki.

Baba alikuwa na bunduki ya marisau ya mtutu mmoja, kwa ajili ya tumbili waliokuwa wakitumalizia muhogo shambani kwetu kisiwani, Ole. Macho yalipoanza kumpa tabu, alitwambia kibali cha bunduki ataomba kihamie kwa mmoja wetu. Hakusema nani. Mimi ndiye mkubwa, tena nimekaa jeshini miaka miwili, nikatukanwa na wakufunzi, nikajifunza silaha kwa utaratibu. Mdogo wangu hajawahi hata kuvuka bahari. Lakini kila Baba akitoka na bunduki, aliyeitwa ni yeye.

Mimi na Baba tulibishana juu ya jambo moja tu. Mimi nilifundishwa kwamba ukishika silaha, kwanza uifungue uone kama ina risasi. Baba alisema kufungua-fungua kunamdanganya mtu, akishaona haina kitu huanza kuichezea. Yeye aliihesabu ina risasi siku zote, na mara nyingi kweli ilikuwa nayo. Mtutu chini, basi. Mdogo wangu aliyarudia maneno hayo vilevile, na nilichukia Baba alivyotabasamu akimsikia.

Asubuhi moja Baba akapiga simu kutoka shambani. Alinipigia mimi, si mdogo wangu.

"Nletee bunduki tupu," akasema, akakata.

Nilifurahi kitoto. Nikaitoa chumbani kwa Baba, nikaitia begani, nikapita nayo njia ya madukani ili nionekane. Kuifungua sikuifungua. Baba si kasema tupu? Mdogo wangu akanifuata nyuma na panga lake. Mara mbili aliniomba niuteremshe mtutu, maana ulikuwa unamwelekea usoni. Nikamcheka, nikamwambia anaogopa chuma.

Baba aliniona tokea mbali nilivyoibeba. Akaipokea, akaielekeza chini, akaifungua. Risasi ilikuwamo.

"N'likwambia tupu, bunduki peke yake," akasema. "Mfuko wa risasi n'nao mie huku."

Kisha akaniuliza, mimi mwenye maneno mengi ya jeshini, kwa nini sikuifungua. Mdogo wangu akasogea, akasimama ubavuni kwangu.

"Hatukuifungua, Baba," akasema. "Tulikuwa na haraka."

Yeye hakuwa ameigusa bunduki hata kidogo asubuhi ile. Baba hakudanganyika, na kibali kikaombwa kwa jina la mdogo wangu. Hilo nimeshalimeza. Kilichonikaa rohoni ni ile "hatu". Nusu saa nzima nilikuwa nimemwelekezea mauti usoni, naye akaja kujitia katika kosa langu bila kuombwa. Na mimi, badala ya kumshukuru, nilisimama pale nikimwonea wivu kwamba neno lile lilimtoka yeye, na mimi nisingeliweza kulisema.